Neno Nililomwambia Cosmas Peke Yake

Nilikuwa nimeshika mwiko wa pilau pale mzee Oswald alipoanza kunianika mbele ya baba yangu.

Hakunitukana. Angenitukana ningejua la kufanya, maana mdomo Mungu alinipa. Aliongea kwa upole, kwa ile sauti ya wazee waliokuja na barua ya posa na wameshakunywa chai ya watu. Mimi na mama tulikuwa jikoni, pazia tu limetutenga na sebule, na kila neno lilikuwa linanifikia.

"Mzee Alfred," alisema, "sisi upande wa kijana hatuna maneno mengi. Cosmas ni mtoto wa marehemu mdogo wangu, na binti yako anamtaka. Sawa. Ila tunataka binti atulie. Hii safari ya kwenda Afrika Kusini miaka mitatu kuangalia nyota, hapana. Na wala si sisi tunaosema. Binti mwenyewe alishatamka kwa kinywa chake kwamba amechoka, bora akafundishe zake sekondari pale Mikumi, azae watoto, aachane na haya manyota. Nafasi ya mwalimu wa fizikia ipo, kijana ameshaulizia kwa mkuu wa shule. Sisi tunaomba lile lile alilolisema mwenyewe."

Wazee aliokuja nao wakaitikia. "Eeh. Ndivyo."

"Na msitufikirie vibaya," akaongeza, "lakini watu wa kambini tunawajua. Babu zenu walikuja Kilosa kukata mkonge. Watu wa namna hiyo leo wako hapa, kesho wako kule. Sisi pale Ruaha tuko kwenye ardhi yetu tangu enzi na enzi. Kijana wetu anataka mke wa kukaa naye."

Baba akakohoa. Baba yangu akikasirika hukohoa, halafu hunyamaza, na siku hiyo alinyamaza muda mrefu mpaka nikatamani nitoke nikaongee kwa niaba yake.

"Tumesikia," akasema mwishowe.

Tumesikia! Yaani basi. Mwiko ukanitoka mkononi ukazama kwenye sufuria.

"Wewe, vipi?" mama alininong'oneza. Mama yangu, Hildegarda, alikuwa amevaa kitenge chake kipya na tangu alfajiri hakuwa amekaa chini.

"Mama, umesikia alichosema?"

"Nimesikia. Kwani ulisema, hukusema?"

"Nilisema."

"Sasa?"

Sasa hapo ndipo iliponiuma. Nilisema kweli. Mwaka jana, kazi yangu ya utafiti niliyoihangaikia mwaka mzima ilirudishwa kwa mara ya pili na wale wanaozikagua, na safari hii waliandika kwamba vipimo vyangu haviaminiki. Nikapanda gari kutoka chuoni ninakofundisha, nikaenda moja kwa moja Mikumi kwa Cosmas, nikalia kifuani kwake mpaka shati likalowa. Nikamwambia, "Nimechoka. Bora nikafundishe zangu sekondari hapa Mikumi, nizae watoto, niachane na haya manyota." Kesho yake niliosha uso, nikapima upya, kazi ikapita, na kwa kazi hiyo hiyo ndiyo nikapata nafasi ya kwenda kusoma kwenye darubini kubwa. Maneno yale ya kulia sikumwambia mama. Sikumwambia hata padri. Nilimwambia Cosmas peke yake.

"Mama, mimi natoka."

"Unatoka unaenda wapi? Wakishakula utaitwa uulizwe kama unamkubali! Verdiana! Hawawezi kuondoka bila jibu lako."

"Ndiyo maana nakwambia wape chakula. Waongezee nyama. Wakiuliza, sema nimesogea dukani."

"Wewe mtoto utaniua."

Nilishatoka mlango wa nyuma, na gauni langu la posa, na viatu vya visigino ambavyo nilivichukia tangu navivaa. Kwetu kijana anayeposa hakai kwenye kikao cha posa yake. Wazee ndio mdomo wake, yeye anajitenga mbali na kungoja aletewe habari. Cosmas alikuwa amejitenga kazini kwake Mikumi, na mimi nikasema leo habari nitampelekea mwenyewe.

Nikapata Noah ya abiria inayoondoka, nikakaa mbele. Tulipopita kijiji cha Ulaya nilikuwa bado najisemesha peke yangu. Dereva aliniuliza kama naumwa, nikamjibu siumwi, nina hasira, akaongeza sauti ya redio na kuniacha.

Njiani nilijaribu kumtetea Cosmas, nisiwe mwongo. Nilijiambia labda mzee Oswald amebahatisha. Labda amesikia kwa mtu. Lakini mimi kazi yangu ni hiyo hiyo, ya kujua kitu kimetoka wapi. Nasomea nyota kongwe. Siyo nyota za bahati, na ukinitaka nikutazamie yako nitakujibu vibaya. Nachukua mwanga wa nyota, naupanua mpaka rangi zake zote ziachane, na humo ndani kuna mistari myeusi myembamba. Chuma kina mistari yake, magnesiamu ina yake, na hakuna anayeazima ya mwenzake. Nyota ikizaliwa inabeba kile kilichokuwepo pale ilipozaliwa, na mchanganyiko ule haiuachi hata ikitangatanga miaka bilioni kumi. Ndiyo maana leo tunajua kwamba kuna nyota humu kwenye galaksi yetu ambazo hazikuzaliwa humu. Zilizaliwa kwenye galaksi ndogo iliyokuwa jirani, hii yetu ikaimeza, na ile ndogo haipo tena. Lakini pima chuma, pima magnesiamu, nyota itakutajia kwao.

Basi maneno ya mzee Oswald niliyapima hivyo hivyo. Amechoka. Sekondari ya Mikumi. Azae watoto. Manyota. Mzee mkulima wa miwa wa Ruaha tangu lini akasema "manyota"? Hilo ni neno langu, nikiwa nalia, na kila kitu kilikuwa palepale nilipokiweka mimi. Hakukuwa na kwingine kulikotoka isipokuwa kwenye kile kifua nilicholilia.

Nilimkuta Cosmas kwenye yadi yao karibu na barabara kuu, anaosha gari la kupelekea wageni mbugani. Yeye ndiye huwaendesha na kuwaelekeza. Mwenzake Goodluck alikuwa juu ya gari anafuta vyuma vya paa.

"Shemeji!" Goodluck akapiga kelele. "Si leo ndiyo leo? Mbona bibi harusi yuko barabarani?"

"Goodluck, shuka uende ukanywe soda."

"Mbona sina kiu, shemeji..."

"Utaipata huko mbele. Nenda."

Aliniangalia usoni mara moja tu, akashuka upande wa pili na kwenda zake.

Cosmas alisimama na mpira wa maji mkononi, maji yanamwagika kwenye viatu vyake. Alikuwa na sare yake ya kijani, mikono ya shati ameikunja mpaka juu ya viwiko. Na mimi, Mungu anisamehe, pamoja na hasira zote zile niliona jinsi alivyo mzuri, na hilo likanizidishia hasira.

"Veri? Kuna nini? Mzee amepatwa na nini?"

"Zima maji."

"Mama yuko salama?"

"Zima maji, Cosmas."

Akayazima. Malori yalikuwa yanapita nyuma yangu moja baada ya jingine kuelekea Iringa, ikabidi niongee kwa nguvu, na sijutii.

"Nani alimwambia baba yako mkubwa kwamba mimi nimechoka na nyota?"

Aliangalia chini.

"Nakuuliza wewe. Usiangalie viatu."

"Veri, tukae pale kivulini kwanza."

"Sikai. Nimetoka kwenye posa yangu mwenyewe kwa mlango wa nyuma, sikuja kukaa. Nani alimwambia?"

"Mimi."

"Ahaa."

"Lakini nisikilize. Baba mkubwa aligoma. Alisema hapeleki barua kwa mwanamke anayekaribia kupanda ndege. Nimembembeleza wiki nzima. Ikabidi nimpe kitu cha kumtuliza. Wewe si unawajua wazee? Unawakubalia tu leo wanafurahi, barua inapokelewa, halafu mbele ya safari tunajua wenyewe. Jumatano ungeondoka zako kama kawaida."

"Kama kawaida."

"Ndiyo, kwani nani angekushika mguu?"

"Cosmas, una akili wewe? Baba yangu akishasema mbele ya wazee wenu kwamba binti yake haendi, halafu Jumatano mimi niko uwanja wa ndege, nani ataonekana mwongo? Wewe?"

Akautundika mpira kwenye kioo cha gari.

"Baba yangu! Na mimi! Watu wa kambini, si mnatujua? Leo tuko hapa, kesho tuko kule!"

"Hayo ya kambi mimi sijayasema."

"Hukuyasema, ila ulimtuma mtu wa kuyasema. Ameyasemea kwenye kochi la baba yangu, na pilau yangu nimempikia."

"Nisamehe kwa hilo. Kweli sikujua. Lakini hayo mengine..." Akainua macho. "Hayo mengine kwani hukuyasema?"

Wallahi nilitamani nivue kiatu. Na mimi ni Mkatoliki, lakini hapo ilitoka wallahi.

"Niliyasema nalia! Mtu anakulilia kifuani, wewe unaenda kuyapeleka kikaoni? Ungeniona nikiumwa homa nikaweweseka, ungeyaandika pia uwasomee wazee? Mimi mbele ya wakaguzi wa Ulaya sijatoa chozi. Mbele ya wanafunzi wangu sijatoa chozi. Nimekupa wewe, mtu mmoja duniani, na wewe umechukua ile nusu inayokufaa ukaenda nayo Ruaha. Kesho yake nilisema nini? Si niliamka nikasema naenda kupima upya? Mbona hilo hukumpelekea baba mkubwa?"

"Veri, punguza sauti."

"Sipunguzi. Na bado sijafika. Mkuu wa shule je?"

Hapo ndipo rangi ilipombadilika.

"Mkuu wa shule gani?"

"Usinifanye mtoto. Mzee amesema nafasi ya fizikia umeshaniulizia. Kama ni kitu cha kumtuliza mzee tu, mdomo ulitosha. Kitu cha kumtuliza mzee hakihitaji mtu avae shati safi aende shuleni akakae ofisini kwa mkuu. Ulienda lini?"

Akaegemea gari. Gari lilikuwa limelowa na mgongo wake ukalowa, na hakujali.

"Mwezi uliopita," akasema.

"Mwezi uliopita. Kabla hata hujamwambia baba mkubwa habari za posa."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo haikuwa ya wazee. Ilikuwa yako."

"Ilikuwa yangu."

Nilidhani nikilisikia hilo hasira itanipasua. Badala yake nilivua vile viatu nikasimama peku kwenye tope la yadi.

"Mimi naogopa," Cosmas alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, na lori likapita, ikabidi arudie. "Nasema naogopa, Veri. Huendi Dodoma. Unaenda miaka mitatu kwa watu wanaoongea lugha yako. Ukisema chuma kimepungua kwenye nyota, wao wanaruka kwa furaha. Mimi inabidi unieleze mara tatu. Nimekusindikiza mara ngapi wewe? Kila mara nakuangalia unavyopanda gari, unafurahi. Unanipungia mkono na unafurahi kweli. Mimi narudi huku nawaonyesha wageni tembo wale wale. Siku moja utafika huko uniangalie kwa mbali, uone huyu ni yule dereva wa Mikumi. Sasa hilo ningekwambiaje?"

"Kwa mdomo huo huo! Ungenikalisha ukaniambia, Veri naogopa hutarudi!"

"Ungesemaje?"

"Ningelia na wewe, mjinga wewe! Ningekwambia na mimi naogopa! Unadhani silali nikiwaza? Unadhani siwaangalii wale wageni wako wa kike unaowapakia humu? Ningekwambia njoo likizo, ningekwambia tupige simu kila siku, ningekwambia kitu. Lakini hukutaka niseme kitu. Ulitaka nifungwe na baba yangu, ili hata kukukasirikia nisiweze."

"Siyo hivyo."

"Ni hivyo." Nikamsogelea mpaka nikaona mishipa ya shingo yake. "Unakumbuka siku tuliyokutana? Nilileta wanafunzi hapa waone anga lisilo na taa. Wewe ulikuja kama mlinzi tu, simba wasitule. Nikawaeleza habari ya ile galaksi ndogo iliyomezwa. Wanafunzi wakaandika. Wewe ukanyoosha mkono ukauliza, 'Mwalimu, na ile iliyomezwa, ilikubali?' Wakakucheka wote. Mimi sikucheka. Siku ile ile nilikupenda, Cosmas. Nikasema huyu hapa ndiye mtu pekee aliyewahi kuuliza."

Akafumba macho.

"Na leo mimi umeniuliza?"

"Hapana."

"Basi ndiyo hivyo."

Simu yangu ikaita. Mama. Nilikuwa nimeshaikata mara kadhaa njiani, safari hii nikapokea.

"Verdiana!" Alikuwa ananong'ona kwa hasira, na mama yangu akinong'ona namna hiyo ni afadhali apige kelele. "Wamekula, wamenawa, wamekunywa soda, sasa wanaangalia dari. Nimesema uko dukani. Mzee Oswald ananiuliza duka gani hilo, liko Dubai? Uko wapi?"

"Mikumi."

"Mik... Yesu na Maria."

"Mama, weka simu sauti kubwa. Ipeleke sebuleni, uiweke mezani."

"Siwezi. Baba yako atanifukuza."

"Hatakufukuza. Ipeleke, mama. Nakuomba."

Na yangu nikaiweka sauti kubwa, nikaiziba kwa kiganja, nikamtazama Cosmas.

"Ongea nao."

"Mimi?" Aliangalia simu utadhani ni nyoka. "Veri, mwanaume haongei kwenye posa yake. Haijawahi kutokea. Baba mkubwa atanyanyuka na barua yake. Yeye ndiye baba niliyebaki naye, unalijua hilo. Amenilea."

"Najua. Na anayesema uongo sasa hivi kwetu ni yeye, na hajui kama ni uongo. Umempa wewe. Mtoe humo."

"Akiondoka hatakuja harusini. Namjua."

"Inawezekana."

"Na wewe? Nikiongea, utanikubali?"

"Hilo sikwambii. Nikikwambia utakuwa umelinunua jibu langu. Ongea kwa sababu ni kweli."

Jua lilikuwa kali, mpira unadondosha maji yaliyobaki. Nilimpenda na nilitaka kumpiga, na sikujua kipi kitatangulia. Akafuta mikono kwenye suruali, akachukua simu.

"Shikamooni wazee."

"Marahaba," walijibu kwa pamoja, kwa mazoea tu.

"Nani huyo?" Ilikuwa sauti ya mzee Oswald.

"Cosmas, baba mkubwa."

"Weka simu chini. Umelewa? Taratibu huzijui?"

"Sijalewa, na taratibu nazijua. Naomba dakika moja. Yale uliyoyasema leo nilikupa mimi. Verdiana aliyasema siku moja, ameumizwa, analia, na kesho yake akayaacha. Mimi nikakuletea wewe nikayafanya makubaliano. Shuleni nilienda mimi, yeye hakujua. Hakuna mtu wa kwao aliyekosea. Ni mimi niliyeogopa kuachwa." Akaegemea gari tena. "Naomba lile neno lifutwe. Binti anakwenda kusoma. Mimi nitamngoja. Na Mzee Alfred, naomba unisamehe, na yale ya kambini mnisamehe."

Kiti kikakwaruza sakafu.

"Kwa hiyo umenitoa Ruaha na kofia yangu kichwani nije nidanganye watu?"

"Nisamehe, baba mkubwa."

"Sikusamehe. Mimi si mtoto mwenzako. Mzee Alfred, naomba barua yetu, tunaondoka."

Nikamsikia baba akikohoa. Nilikifahamu kile kikohozi, nikashika mlango wa gari.

"Oswald, kaa," baba alisema. "Tangu asubuhi unanifundisha desturi, nimenyamaza. Sasa na mimi niseme moja. Barua ikishapokelewa haibebwi mpaka binti aulizwe. Hata huko Ruaha ndivyo. Na hilo la kuhama: baba yangu alikuja kukata mkonge, ndiyo. Kaburi lake liko hapo ng'ambo ya reli. Twende nikuonyeshe kama amehama."

Mimi niliyetamani kuongea kwa niaba yake tangu asubuhi, nikaona aibu.

"Verdiana," baba akaita.

"Abee, baba."

"Mwenye barua hii unamjua?"

"Namjua."

"Unamkubali?"

Cosmas alikuwa ameishika simu kwa mikono miwili katikati yetu. Niliuangalia uso ule. Ulikuwa umenidanganya mwezi mzima, na dakika hiyo hiyo ulikuwa umetoka kujianika mbele ya baba pekee uliyebaki naye. Ningesema hapana, ningekuwa na haki, na ningejuta kwenye ndege mpaka Johannesburg. Ningesema ndiyo, mzee Oswald angeondoka nayo, aikate anapotaka, awapelekee watu wa Ruaha kipande kinachomfaa.

"Shikamoo, baba mkubwa," nilisema kwanza.

Hata mzee Oswald hawezi kuacha shikamoo ya mtu hewani.

"Marahaba," akasema.

"Namkubali Cosmas. Na Jumatano naondoka, miaka mitatu. Hilo ni jibu moja, baba mkubwa. Sijatoa mawili. Anayelitaka alibebe zima, asiyeweza aliache hapo mezani, asije mtu akachukua nusu."

Nilisikia nyayo. Nilisikia mlango wa mbele wa kwetu, ule unaolia bawaba, ukifunguliwa, na sauti ya mzee mmoja ikisema, "Oswald, subiri basi, kofia yako." Mlango haukurudishwa. Barua ilibaki, maana hakuna aliyetaja tena kuibeba, na mzee Oswald alikwenda.

Cosmas alisikia kila kitu.

"Ameondoka," akasema.

"Ameondoka."

Halafu kule Kilosa, kwenye sebule ya wanaume walionyamaza, mama yangu akapiga kigelegele. Kimoja tu, kirefu, peke yake, mpaka Goodluck aliyekuwa ng'ambo ya barabara na soda yake akageuka kutafuta kinatokea wapi. Simu ikakatika.

Cosmas alikuwa analia. Hakujificha. Akanyoosha mkono kunishika.

"Usinishike," nikamwambia. "Bado nina hasira na wewe."

"Sawa."

"Hasira kali. Haiishi leo."

"Sawa, Veri."

Hakuurudisha mkono. Aliuacha vilevile, umelowa, haunivuti wala hauondoki. Nikautukana kimoyomoyo, nikageuza uso nikaangalia malori, nikarudi nikauangalia tena. Halafu nikaushika mimi.